Kabla Hujamlipa Mtu wa SEO

Mhadhara kwa wenye nyumba za wageni na waongoza watalii wa Bagamoyo

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpata mtu wa SEO anayeaminika. Kwa ambao bado hawajalizoea jina hilo, ni kazi ya kuiweka sawa tovuti yako ili mtu akiandika kwenye Google "pa kulala Bagamoyo" au "magofu ya Kaole", uonekane bila kulipia tangazo. Hayo tu. Wanaoizungushia mafumbo wana sababu zao.

Hebu toeni simu mtafute "hoteli Bagamoyo". Huenda juu kabisa mkaona majina yenye alama ya tangazo. Hayo yamelipiwa. Google inauza nafasi za matangazo, lakini majibu ya kawaida haiyauzi kwa mtu yeyote. Kwa hiyo akija kijana na kompyuta mpakato akakwambia ana mtu wake ndani ya Google, mpe chai, muage.

Yupo mjanja zaidi, yule wa "nakuhakikishia namba moja". Google wenyewe, katika maelekezo yao kwa wenye biashara, wameandika kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Sasa huyu anafanyaje mpaka akuonyeshe kweli uko juu? Anaandika jina la guest yako. Jamani, anayekutafuta kwa jina si alishakujua? Au anachagua maneno marefu ambayo hakuna mgeni atakayeyaandika maishani. Tena anakuonyesha kwenye simu yake, hapo hapo Dunda, wakati majibu hubadilika kulingana na mahali ulipo. Mgeni wako yuko Ujerumani au Dar, na anaona orodha nyingine.

Ushahidi unaofaa uko kwenye Search Console, chombo cha Google kisicho na malipo. Kinaonyesha watu waliandika maneno gani hadi tovuti yako ikatokea, ilitokea mara ngapi, wangapi walibonyeza, na wa nchi gani. Mwambie mshauri akufungulie na mkisome pamoja. Akianza kusema "hayo ni ya kitaalamu mno, mama", hapo umeshapata jibu lako.

Kuna suala la linki, yaani viungo kwenye tovuti za wengine vinavyomleta mtu kwako, na hili limewaumiza wengi. Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, na wazo lao kubwa lilikuwa kwamba ukurasa ambao kurasa nyingine nyingi zina linki za kuelekea kwake una uzito. Haikuchukua muda watu wakaanza kuuza linki kwa mafungu. Mwezi Aprili 2012 Google wakaleta mabadiliko waliyoyaita Penguin, na tovuti nyingi zilizopandishwa kwa linki za kununua zikaporomoka. Hata kabla ya hapo, mwaka 2006, waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye majibu yao kwa sababu ya kurasa zilizojazwa maneno ili kuidanganya mitambo, huku msomaji akipelekwa kwingine. BMW walirekebisha wakarudishwa. Guest ya vyumba sita ikiondolewa, nani atajua hata kuuliza?

Basi muulize: linki utazipata wapi? Akisema ataomba ukurasa wa tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, ukutaje kwenye malazi, au ataandika maelezo mazuri ya kutoka kwako hadi Kaole ambayo waongoza watalii watayatumia, huyo anafanya kazi. Akisema "linki elfu moja kwa wiki", kimbia.

Lakini jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni funguo. Domeni, yaani jina la tovuti, iwe .co.tz au nyingine, isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Kwenye Search Console wewe uwe mmiliki, yeye umpe ruhusa ya mtumiaji tu, ambayo unaweza kuiondoa siku yoyote. Kwenye ramani ya Google, vivyo hivyo: wewe mmiliki, yeye meneja. Nimeona nyumba ya wageni huku Pwani ambayo namba ya simu kwenye ramani ni ya aliyewatengenezea tovuti. Wageni wanampigia yeye, na walishakosana naye zamani. Mwaminifu atakuandalia haya kabla hujamwambia.

Kaka pale nyuma anauliza bei. Sitataja, maana kazi hazilingani. Anza na kazi ndogo: akague tovuti yako, aandike kwa Kiswahili kinachoeleweka nini kibovu na kipi kitangulie. Mlipe hiyo. Ukiiona ina akili, endeleeni. Google wanasema matokeo huchukua kama miezi minne hadi mwaka, kwa hiyo wa "wiki mbili" usimsikilize, lakini na wewe usimfukuze mtu mwezi wa pili. Na aliyetaja bei kabla hajakuuliza wageni wako hutoka wapi na miezi gani vyumba hulala vitupu, anauza kitu alichokwisha kukifunga.

Kununua maoni ya nyota tano? Hapana. Yamekatazwa, na yakigundulika hufutwa. Waombe wageni waliolala kwako kweli.

Ndiyo, mama. Huna tovuti, uko kwenye ramani tu, na wageni wanapelekwa uchochoro mwingine wa Mji Mkongwe wetu hapa Bagamoyo. Wewe huhitaji mshauri sasa hivi. Pini, ile alama ya mahali ulipo, imekaa vibaya, na kuihamisha hakulipiwi. Njoo na simu yako hapa mbele, tuihamishe.