Kabla Hujaandika "Amechelewa Kusema"

Walimu wa chekechea, wauguzi wa kliniki na wazazi, asanteni kwa kufika. Leo tunazungumzia jinsi ya kumpima lugha mtoto anayekua na lugha mbili.

Nianzie mahakamani. Mwaka 1970 huko California, Marekani, kesi iliyokuja kujulikana kwa jina la Diana ilihusu watoto 9 wenye asili ya Meksiko, waliokuwa wametiwa katika darasa la wenye ulemavu wa akili. Walipimwa kwa Kiingereza, ilhali nyumbani ni Kihispania. Walipopimwa upya kwa Kihispania, wengi wakapita kiwango kilichowaingiza darasani mle. Kilichopimwa ni Kiingereza, kilichoandikwa ni akili.

Sasa tuje hapa Kilifi, pwani ya Kenya. Mtoto anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Bibi amemlea kwa Kigiriama, Kiswahili amekiokota kwa majirani na kwenye televisheni. Tuseme mwalimu anamwonyesha picha 20, anataja 11. "Huyu yuko nyuma." Nyuma ya nani? Zile 9 hakuna aliyemuuliza kwa Kigiriama! Mara nyingi vya jikoni na shambani anavitaja kwa lugha ya bibi, rangi na hesabu kwa lugha ya shule. Basi hesabu vitu anavyoweza kuvitaja kwa lugha yoyote, kila kimoja mara moja. Na maji na madzi? Kitu kimoja, alama moja.

Kwa wadogo zaidi, picha hazifai, wanakutazama tu. Hapa hapa Kilifi watafiti waliandaa orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama, kwa kufuata ile ya Marekani iitwayo CDI, ambayo mzazi huonyesha maneno anayoyajua mwanawe. Kule mzazi hujaza karatasi mwenyewe. Huku wazazi wengi hawakusoma, kwa hiyo waliulizwa ana kwa ana. Napenda sana jambo hili, kwa sababu tuna tabia ya kumdharau mama asiyejua kusoma, kumbe yeye ndiye anayejua mwanawe anasema nini.

Lakini maneno peke yake hayatoshi, hasa kwa lugha zetu. "Amenipiga" ni neno moja, lakini ndani yake mna mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Mtoto wa miaka miwili akisema "taka maji" bila kiambishi, mwacheni, ni kawaida. Akifika mitano bado anaangusha viambishi, na katika Kigiriama vilevile, hapo nami naingiwa na wasiwasi. Tatizo la kweli la lugha humfuata mtoto katika lugha zake zote. Likionekana katika moja tu, aghalabu hiyo hajaisikia vya kutosha. Kuchanganya lugha katika sentensi si dalili ya ugonjwa. Hata sisi tumefanya hivyo tangu asubuhi.

Njia nyingine ni kumwambia arudie neno la kubuni, kama "lopitaneku". Hakuna nyumba inayolitumia, kwa hiyo hakuna aliyetangulia. Ila sauti zake ziwe zinapatikana katika lugha zote mbili.

Na kabla ya yote hayo, masikio! Mtoto anayetoka usaha kila mvua za masika apelekwe kwanza akapimwe kusikia.

Mkono ule pale nyuma... Ndiyo, mwalimu asiyejua Kigiriama afanyeje? Atafute mtu mzima anayekijua, amweleze kazi kabla mtoto hajaingia. Asimtumie kaka yake wa darasa la nne, maana huyo atamnong'onezea majibu.