Nani wa Kwanza, Ikiwa Kila Mtu Kaongezwa?

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Leo nimo ndani ya gari, nje ya ukumbi wa bolingi hapa Columbus, Ohio, na theluji hiyo mnaiona kiooni. Ami yangu wa Wete alitizama video ya wiki iliyopita, akanitumia sauti: "Mwanangu, ikiwa wote mnaongezwa pini, mnajuaje nani fundi?" Ami, suali lako ndilo linalotugombanisha huku.

Tukumbushane kidogo. Unabingirisha mpira uangushe pini kumi, vile vigingi vilivyosimama mwisho wa njia. Fremu, yaani zamu, ni kumi, kila fremu mipira miwili. Ukiziangusha zote kwa mpira wa kwanza ni straiki, na unaongezewa pini za mipira miwili inayofuata. Ukizimaliza kwa wa pili ni spea, unaongezewa mpira mmoja. Straiki 12 mfululizo ndiyo 300, na zaidi ya hapo hakuna.

Lakini nyongeza anayoiuliza ami ni nyingine, pini anazopewa asiye fundi ili akaribiane na fundi, na hiyo mnaijua nyinyi. Pale barazani ukikaa kwenye keram na fundi, anakwambia, "Wewe anza na kumi, mie naanza na sufuri." Ndiyo hiyo hiyo, ila huku inapigwa hesabu. Ligi yetu inachukua 220, inatoa wastani wako wa pini kwa mchezo mmoja, kisha inakupa asilimia 90 ya kilichobaki. Wastani wangu 120, kwa hiyo napewa pini 90 kila mchezo. Mwenzangu ana 190, anapewa 27. Kila mmoja akicheza kawaida yake, mie nina 210, yeye 217. Fundi bado kaniacha pini saba, na kwa michezo mitatu ya usiku mmoja ni 21. Hiyo ni heshima ya ufundi wake, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni msimamo wa mchezaji mmoja mmoja, maana wanaupanga kwa jumla yenye nyongeza. Chukua kijana mgeni, wastani wake 110, nyongeza yake 99. Akijifunza kulenga, wiki mbili tu anapiga 130, lakini wastani bado unamfuata nyuma taratibu. Anaondoka na 229 na kumpita fundi wa 190. Kajitahidi, namvulia kofia, nyongeza imewekwa ili na yeye apate raha ya kushinda. Lakini kumwita mchezaji bora wa ligi, wallahi hapana. Fundi wa 190 kupanda pini 20 kwa wiki mbili, atazitoa wapi?

Na kuna baya zaidi. Msimu uliopita nilikuwa nimekaa nyuma ya mchezaji mmoja, fremu ya kumi, timu yake imeshashinda. Mpira wa kwanza umebakisha pini moja, ile ya pembeni kulia, ambayo siku zote anaichukua huku anazungumza. Akaufuta mpira mafuta, tena kwa utulivu, akaupeleka moja kwa moja kwenye mfereji wa kando ya njia, usiguse pini. Spea ile ingempa pini hiyo na mpira wa ziada, yaani hadi pini 11. Kazitupa, ili wastani ushuke na nyongeza ya wiki zijazo ipande. Roho iliniuma, jamani. Tunalipa pesa zetu, tunatoka kazini tumechoka, tunakuja kucheza kwa haki.

Kwa hiyo mie nataka misimamo miwili. Wa ufundi uwe kwa wastani mtupu, bila hata pini moja ya kupewa, na aingie aliyecheza angalau theluthi mbili ya michezo, asije mtu akacheza usiku mmoja wa bahati akajificha. Wa maendeleo upime umepanda kiasi gani juu ya wastani mkubwa kabisa uliowahi kumalizia msimu, si ule wa wiki iliyopita. Hapo anayejishusha makusudi hafaidiki kitu, kwa sababu rekodi yake ya zamani inamsubiri. Nyongeza ibaki kwenye mechi za timu, huko ndiko kwao.

Leo kabla ya mchezo tuna kikao, na hoja nimeiandika hapa, karatasi hii. Mwenzangu wa 190 kaniahidi ataiunga mkono. Ami, nikitoka nitakutumia sauti, hata ikiwa huko kwenu ni alfajiri.