Difu ya Kigari cha Rimoti: Kabla Hujakaza Nati

Hamjambo nyote. Mlio nyuma sogeeni mezani, maana kitu nitakachowaonyesha leo kinaenea kwenye kiganja cha mtoto, na mkikaa mbali mtaona vidole vyangu tu.

Kigari hiki ni cha kipimo cha 1:28, yaani urefu wake ni sehemu moja ya ishirini na nane ya gari halisi. Hapa nyuma, katikati ya magurudumu, ndipo ilipo difu. Kazi yake ni ile ile ya difu ya matatu: kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima kila moja liende kwa mwendo wake huku yote mawili yakisukumwa na injini moja. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya mpango huo miaka ya 1820, enzi za magari ya mvuke. Ila difu ya matatu ina gia ndani yake. Hii ina gololi.

Tazameni. Gia hii kubwa ya plastiki imetobolewa matundu, na kila tundu lina gololi moja, ndogo kama punje ya ulezi. Kushoto kuna pete ya chuma, kulia kuna nyingine, kila moja ikizunguka na gurudumu la upande wake. Springi na nati huzibana pete hizo hadi zikagandamiza gololi. Kigari kikienda moja kwa moja, gololi hushika na vyote huzunguka pamoja. Kikikata kona, gololi hujizungusha ndani ya matundu yake, pete moja ikatangulia, nyingine ikachelewa. Hakuna jino linaloshika jino. Nguvu yote ya mota inapita pale gololi inapogusa pete, mahali padogo kama ncha ya sindano. Ndiyo maana chembe moja ya uchafu inasumbua.

Na sisi tunaishi Nakuru, jina ambalo huelezwa kuwa ni la Kimaasai, lenye maana ya mahali pa vumbi. Mliokwenda Naivasha kutazama Safari Rally mnalijua lile vumbi laini kama unga. Kifuniko cha difu hakilizuii.

Mwezi huu nimeletewa vigari vitatu, vyote na lalamiko moja: "Fundi, difu inateleza. Nimekaza nati, lakini wapi." Kimoja hakikuwa na shida ya difu kabisa. Uzi wa zulia ulikuwa umejiviringisha kwenye ekseli hadi ukawa mgumu kama waya. Kwa hiyo anzeni nje: tazameni ekseli, hakikisheni gia ndogo ya mota haizunguki peke yake kwenye mhimili wake, na matairi hayachezi kwenye rimu.

Kisha vidole. Bana magurudumu yote mawili yasiende popote, halafu jaribu kusukuma gia kubwa kwa kidole gumba. Ikizunguka kirahisi, difu imelegea. Sasa achilia, shika gia, zungusha gurudumu moja. Lile jingine linapaswa kurudi upande wa pili, polepole na laini. Ukihisi mikwaruzo, kama unasaga mchanga, usiguse nati. Fungua.

Hapa nawasihi sana, kwa sababu nimelipia somo hili. Difu yangu ya kwanza niliipaka grisi ya beringi za gari, ile ya kopo. Ikateleza. Nikakaza. Ikateleza tena, nikakaza zaidi, mota ikalia. Nilipofungua, joto la msuguano lilikuwa limelainisha plastiki ya matundu, na pete zilikuwa na mfereji unaoonekana kwa macho. Grisi ile imeundwa ili chuma kiteleze juu ya chuma. Gololi za difu zinataka grisi ya silikoni, ambayo hulinda bila kuondoa mshiko, tena tone dogo tu. Kuna pia beringi ndogo inayobeba msukumo wa nati; hiyo ndiyo ya kupaka grisi nyeusi. Msizichanganye. Hiyo beringi ikichafuka, nati hujikaza au hujilegeza yenyewe kila kona, nawe utazilaumu gololi bure.

Kusafisha: fanyeni juu ya sahani nyeupe, gololi zisipotee. Spiriti, pamba, kibano. Futa pete hadi pamba itoke nyeupe. Pete yenye mfereji mwembamba igeuze utumie upande wa pili. Pande zote zikilika, weka msasa namba 600 juu ya kioo, uisugue kwa mizunguko huku kidole kikiigandamiza sawasawa. Mfereji ukiwa mzito, nunua mpya. Ukirudisha, kaza robo mzunguko, pima kwa vidole, kaza tena kidogo. Nati yenye plastiki ndani ikishafunguliwa mara nyingi haishiki tena; itupe.

Hii nimeifunga sasa hivi mbele yenu. Njoo, binti yangu, uipime wewe. Shika gia hapa. Zungusha gurudumu la kulia. La kushoto linarudi? Vizuri. Funga macho, zungusha tena polepole. Unahisi nini? Kuna mahali inakwama, sivyo? Hata mimi nimepasikia. Lete sahani, tunafungua tena.