Kilo Tano, Alisema Daktari

Mwangaluka, ndugu zangu! Nawaona wa Igogo, nawaona wa Kirumba, na ninyi wa zamu ya usiku mliokatisha usingizi kuja hapa, asanteni sana.

Nilibeba kreti za sangara miaka sita kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza. Siku moja buti likateleza kwenye barafu na mafuta ya samaki, nikaangukia bega la kulia. Daktari akaandika: kazi nyepesi wiki nane, asinyanyue zaidi ya kilo tano. Mnaijua kreti iliyojaa. Kilo tano ni barafu ya juu tu.

Hakuna aliyenifokea, na hapo ndipo wengi tunapokwama. Msimamizi alinijia kwa upole kabisa: "Kaka, gari linasubiriwa uwanja wa ndege, tusaidie leo tu." Kesho yake ikawa leo tu tena. Wenzangu nao wakaanza kuninunia, kwa sababu mzigo wangu walikuwa wanaubeba wao. Hilo liliniuma kuliko maneno ya bosi. Nikabeba. ED yangu, ile karatasi ya daktari, ilikuwa mfukoni mwa koti, ikalowa mpaka wino ukatawanyika. Wiki ya tatu mkono ukagoma kupanda. Mpaka leo shati navishwa na mke wangu.

Nilipodai haki yangu nikaambiwa, "Ulijitolea mwenyewe." Sikuwa na cha kuonyesha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36. 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu. Ukiumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wake anautoa mwajiri, wewe hukatwi hata shilingi. Ajali yako iripotiwe huko.

Karatasi ya daktari itolee nakala siku hiyohiyo. Msimamizi asaini kwenye ya kwako, aweke na tarehe. Akikataa, ipige picha umtumie kwenye simu. Akisema "leo tu", mjibu hukohuko kwa maandishi: umeniomba nibebe kreti, daktari amekataza.

Najua kibarua wa kutwa anawaza: nikijibu hivyo, kesho getini siitwi. Ni kweli inatokea, sitawadanganya. Ndiyo maana wenzake wasimnunie, wamsemee. Na mwajiriwa akiachishwa kwa hilo, ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msizimalize nyumbani mkisubiri kuitwa.

Wenye karatasi mfukoni leo, bakini. Tuzitoe nakala kabla hazijalowa.