Jino la ng'ombe kuwa kidani, kwa jiwe tu bila drili

Haya wadau, hichi mnachokiona shingoni ni jino la ng'ombe, bibi alipoliona akauliza nimeenda kwa mganga gani 😂 Leo tunatengeneza kama watu wa zama za barafu, iwe hirizi iwe urembo utajua mwenyewe.

Kwanza jino lenyewe. Kwa anayeuza vichwa omba taya la chini, maana ng'ombe juu mbele hana meno, ni ufizi mtupu. Chemsha kwa moto mdogo mpaka nyama iachie, moto mkali linapasuka, afu chomoa moja la mbele lenye mzizi mrefu.

Sasa angalia hapa, usianze kutoboa! Mzizi ni mviringo, jiwe litateleza likuchane kidole, we ukwangue kwanza kwa kipande cha jiwe chenye makali mpaka uwe bapa, geuza, na upande wa pili hivyohivyo. Vaa miwani na barakoa, lowesha kila mara, huu unga si wa kuvuta.

Kutoboa ni jiwe lenye ncha, bonyeza kidogo, zungusha kulia kushoto kulia kushoto, ukifika nusu GEUZA uanzie upande wa pili. La kwanza nililazimisha upande mmoja, imebaki kama milimita moja tu likameguka, saa nzima imeenda bure. Ukimaliza chungulia: tundu pana nje, katikati jembamba kama kiuno cha nyigu.

Na hili jasho langu linavyoingia humu sio utani, linabeba DNA, yaani vinasaba vyangu. Kwenye pango la Denisova, Siberia, kulipatikana kidani cha jino la wapiti, yule kulungu mkubwa, cha kati ya miaka 19,000 na 25,000. Wataalamu wa taasisi ya utafiti ya Max Planck kule Leipzig, Ujerumani, wakakiloweka kwenye maji ya dawa, wakapasha pole pole mpaka nyuzi 90, wakapata DNA ya mwanamke, yaani aliyekitengeneza au aliyekivaa, na kidani hakikuharibika. Majibu yalitoka 2023.

Kamba sasa. Kano kavu la mguu wa ng'ombe, ligonge kwa jiwe mpaka liachie nyuzi, lowesha, sokotea pajani. Pitisha, funga fundo likiwa bado bichi, likikauka linajikaza lenyewe.