Kabla ya Kugonga Mlango

Wadogo zangu, hongereni. Wiki ijayo mnahamia bwenini kabla ya wenzenu kufika, mnaanza mafunzo ya wasaidizi wa bweni, yaani wanafunzi wanaowaangalia wenzao bwenini. Mtafundishwa vizima moto, funguo, na namna ya kuandika ripoti ya tukio. Halafu mtapewa asubuhi moja ya umahiri wa tamaduni nyingi, yaani kujua kuwahudumia watu wa mila zisizo zenu. Kazi hii niliifanya miaka miwili nikisoma hapa Marekani, baadaye nikawafundisha wasaidizi wenyewe. Leo nataka tuizungumzie hiyo asubuhi moja.

Usiku mmoja wa Ramadhani nilikuwa zamu. Napanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu, nikasikia harufu ya udi. Mimi mtoto wa Tanga, harufu hiyo nimezaliwa nayo. Kufika juu, nakuta askari wawili wa chuo wamesimama mlangoni. Msaidizi mwenzangu, kijana mwema kabisa, alikuwa ameshaandika: “moshi unaoshukiwa kuwa bangi.” Ndani kulikuwa na binti wa Oman, mtandio kichwani, chetezo bado kinafuka mezani. Alikuwa anafukiza nguo za kwendea tarawehe. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kanuni ilikuwa imevunjwa kweli. Makaa ya moto hayaruhusiwi vyumbani, na kwenye jengo linalolaza mamia ya watu, mimi mwenyewe sitaki yaruhusiwe. Kosa lilikuwa neno moja kwenye ile ripoti. Pua ya mwenzangu ilimwambia kuna moshi mtamu asioujua. Bangi aliiongeza yeye.

Mwaka 1992 Derald Wing Sue, Patricia Arredondo na Roderick McDavis waliwaandikia washauri nasaha vigezo vya umahiri huu, na wakavigawa mafungu matatu: kujitambua mwenyewe, kuwa na maarifa juu ya wengine, na kuwa na ujuzi wa kutenda. Mwaka 1997 Raechele Pope na Amy Reynolds wakauleta umahiri huo kwa watu wanaohudumia wanafunzi vyuoni. Semina nyingi nilizokaa zilikimbilia fungu la pili: Wahindi wako hivi, Waarabu wako vile, slaidi baada ya slaidi. Mwenzangu yule alikuwa ameziona zote. Hakuna aliyemzoesha kujiuliza, kabla hajashika kalamu: hapa nimekutana na nini, na nimeongeza nini?

Na bweni ndiko hasa kunakouma. Mwaka 1922 rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, A. Lawrence Lowell, aliwazuia wanafunzi weusi kuishi kwenye mabweni ya mwaka wa kwanza. Darasani waliingia, mitihani walifanya. Kilichokataliwa ni kulala paa moja na wazungu. Kelele zikapigwa, na mwaka 1923 amri ikatenguliwa. Kumvumilia mtu saa moja ya somo si sawa na kusikia kikohozi chake ukutani usiku kucha.

Lakini kuna kosa la upande wa pili pia. Chuo Kikuu cha Delaware kilisimamisha programu yake ya mabweni mwaka 2007, baada ya malalamiko kwamba wasaidizi walikuwa wakiwahoji wanafunzi mmoja mmoja juu ya rangi, na hata hisia zao za kimapenzi. Naamini nia ilikuwa njema. Ila anayeulizwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwandikia ripoti hana uhuru wa kunyamaza. Ulizeni juu ya moshi. Ya moyoni mwake atayasema mwenyewe, akitaka.

Zoezi ninalolipenda ni lile la milango: wasaidizi wazoefu wanajifungia vyumbani na kuigiza matatizo, wapya wanagonga. Wengi wanaigiza ulevi na ugomvi tu. Waombeni waratibu wenu waweke na chetezo. Halafu jaribuni maneno haya: “Habari, niko zamu leo. Nimesikia harufu, naomba unieleze ni ya nini.” Yanaonekana mepesi, lakini mkiwa mmesimama pale koridoni mtaona yanavyokwama kooni.

Mimi mwenyewe yalinikwama. Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na kijana wa kizungu kutoka shamba. Mikutano ya ghorofa haji, kila Ijumaa anaondoka. Nikaandika kwenye daftari langu: “hataki kuchanganyika na sisi.” Mpaka Novemba, nilipomkuta kwenye chumba cha kufulia anaosha mabuti ya mpira, ndipo nikamuuliza anakwenda wapi kila wiki. Baba yake aliumia mgongo; alikuwa anarudi kukamua ng'ombe. Miezi mitatu nimemhukumu, na sikuwahi kugonga mlango wake.

Yule binti wa Oman alipewa onyo la makaa, na neno bangi likafutwa. Tukamtafutia nafasi nyuma ya jengo, kwenye benchi la zege, akawa anafukizia hapo. Kufika mwisho wa mwezi, msaidizi aliyeandika ile ripoti ndiye aliyekuwa akimshikia mlango, maana ulikuwa unajifunga.

Dada pale nyuma, nimeuona mkono wako. Karibu, uliza.