Popo wa Ukubwa wa Ndimu: Kufinyanga Zawadi za Halloween

Mbukwenyi! Asanteni sana. Mliokaa nyuma, sogeeni, maana leo vitu vitapita mkono kwa mkono.

Pokeeni huyu kwanza, mmpitishe taratibu. Ni popo. Ana ukubwa wa ndimu, tumbo la mviringo, na mabawa ameyakumbatia kama mtoto aliyejifunika kanga asubuhi ya baridi. Naona mama pale amemshika na tayari anatabasamu. Nimefurahi, kwa sababu tabasamu hilo ndilo nililokuja kulizungumzia.

Mdogo wangu anaishi Marekani. Mwaka juzi, mwezi wa nane, alinipigia simu: "Dada, nifinyangie visanamu vya Halloween, mwanangu akawape wenzake darasani. Ila visiwatishe." Nikakaa na simu sikioni nikiwaza. Sikukuu yenyewe ni ya mizimu na mifupa, halafu zawadi zake zisitishe?

Wapo hapa ambao jina hilo linawatia wasiwasi, na sitaki kuwapuuza. Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba. Jina lake linatokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakatoliki wenzetu wa hapa Dodoma huiadhimisha tarehe 1 Novemba, na kesho yake huwaombea marehemu wote. Mila zake nyingine ni za kale zaidi, za Ireland, walikokuwa wakiaga mavuno na kuukaribisha msimu wa giza. Waireland walichonga nyuso kwenye mizizi minene inayofanana na figili kubwa. Walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, na boga likashika nafasi hiyo hadi leo. Watoto huvaa mavazi ya vituko, hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Asiyetaka kuisherehekea asiisherehekee. Mimi mwenyewe siisherehekei. Lakini naweza kumfinyangia mtoto wa mdogo wangu boga, kwani boga ni mboga yetu pia, na majani yake tunayala na ugali.

Sasa, kitu hupendezaje? Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz, aliandika kwamba moyo wa binadamu hulainika akiona umbo la kitoto: kichwa kikubwa, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo, miguu mifupi. Akina mama hamkuhitaji kuambiwa. Kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba ya urefu wake, cha mtoto mchanga ni kama robo. Mimi kwenye kisanamu naenda hadi nusu. Mtazameni tena popo. Macho yake nimeyabonyeza kwa ncha ya bua la mtama, chini kabisa ya uso, yameachana. Yapandishe macho hayo kidogo tu juu, yasogeze karibu, popo yuleyule anakuwa mkali. Nimejaribu mara nyingi, na kila mara nashangaa.

Kipo kisanamu kimoja nilichokataa. Sikukuu ile ina sura maarufu ya bibi kizee mchawi: pua ndefu, kofia iliyochongoka, amepanda ufagio. Mdogo wangu aliniomba na huyo. Nikamwambia hapana, mdogo wangu, huyo mkono wangu haumfinyangi. Huko kwao ni mchezo. Kwetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi uliotajwa ni macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi, kwa miaka yote waliyowapikia watu hao hao. Bibi aliyenifundisha ufinyanzi alikuwa na macho hayo. Aliyapata kwenye moto wa kuchomea vyungu. Popo nitamfanya mdogo, mzimu nitaufanya mdogo, hofu ipate kukaa kiganjani mwa mtoto. Bibi yangu hakuwa kitu cha kuogopwa, basi sina cha kumpunguza.

Sikutaka kulipita hilo haraka. Tuje kwenye udongo.

Ule mweusi wa mbuga, unaopasuka wakati wa kiangazi hadi vidole vinaingia, msiutumie peke yake. Hunywa maji mengi, na ukikauka husinyaa mno. Tafuteni udongo unaokubali kukunjwa: viringisha kijiti chenye unene wa kidole kidogo, kizungushe kidoleni. Kikipasuka, huo haufai. Ukikubali, changanya na vigae vya chungu kilichovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa. Vigae hivyo hufungua njia ya maji kutoka. Kisha ukande, ukande tena.

Msifinyange donge zima. Fanyeni vikombe viwili vidogo kwa kidole gumba, kuta zake zisizidi unene wa kidole kidogo, mkwaruze kingo zake kwa mwiba, mpake uji wa udongo, mviunganishe. Mnapata yai lenye uwazi ndani. Toboeni tundu chini, mvuke upate kutokea. Kutokana na yai hilo linatoka boga, popo, bundi, chochote. Bundi mpelekeni kwa anayempenda tu. Kwa wazee wetu wengi, bundi juu ya paa ni habari mbaya, na zawadi haipaswi kumkosesha mtu usingizi.

Watu husema hewa ndiyo hupasua chombo motoni. Mpasuaji ni maji. Yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yenyewe, na udongo hauna pa kuuweka. Dodoma ya Oktoba inadanganya: jua kali, upepo mkavu, mvua tunaingoja hadi Desemba. Nje kisanamu kinakauka kwa siku mbili huku ndani kingali kibichi. Vile vya kwanza nilivyomfinyangia mtoto yule vilikuwa kumi na viwili, nikavichoma siku ya nne. Vilipasuka saba. Niliumia, kwa sababu kila kimoja nilikuwa nimekipa uso wake.

Tangu hapo navifunika kwa nailoni siku tatu za mwanzo, halafu naviacha kivulini wiki nzima. Kabla ya kuchoma, kiwekeni shavuni. Kikiwa na ubaridi, kina maji bado. Subirini. Siku ya moto navipanga kandokando ya makaa kwanza, vipate joto polepole, ndipo navifunika kwa samadi kavu na mabua. Moto wa wazi huvuka nyuzi 600, na hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Popo huyu nilimtoa akiwa mwekundu wa moto nikamzika kwenye pumba, moshi ukampa weusi wake. Sikumpaka rangi hata kidogo. Boga lilipakwa ngeu, ule udongo mwekundu wa rangi, na kusuguliwa kwa kokoto laini kabla ya kuchomwa.

Mabawa, mikia na masikio yashikamane na mwili, maana kitu kilichochomoza ndicho huvunjika njiani. Na mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe kisanamu kidogo kinachoingia mdomoni.

Mdogo wangu alinitumia picha. Mtoto mmoja darasani aligundua alama ya kidole changu chini ya boga lake, akawa anaweka kidole chake juu yake, kinaingia na nafasi inabaki.

Haya, maji yako kwenye ndoo ile, udongo uko chini ya gunia lenye unyevu. Kila mmoja achukue donge la kujaa kiganja. Tunaanza na boga.